Trela ya babu na msalaba mwekundu

Najua nimepotea. Wengine mmeniandikia mkiuliza kama nimeacha kompyuta nikawa mkulima. La, bado naandika programu Jumatatu hadi Ijumaa. Lakini tangu mwaka wa 2022 wikendi zangu nyingi zimeishia nyuma ya nyumba ya nyanya yangu, karibu na Molo, nikiwa na msasa mkononi na manyoya ya kuku kichwani. Nilikuwa nikifufua trela.

Si trela ya kubeba makontena kwenda Malaba, jamani. Hii ni trela ndogo ya kupigia kambi, yenye umbo la tone la maji lililolala ubavu. Mbele ni mviringo, nyuma inateremka kwa mkunjo hadi chini. Ndani mna nafasi ya godoro la watu wawili na basi. Huwezi kusimama. Nyuma kuna kifuniko kinachofunguka kwenda juu, na chini yake ndiko jikoni: rafu mbili, mahali pa stovu, mahali pa sufuria. Mpishi husimama nje, na kifuniko kinakuwa paa lake.

Trela za namna hii zilipata umaarufu Marekani miaka ya 1930, wakati uchumi ulikuwa mbaya na watu walitaka kusafiri bila kulipa hoteli. Majarida ya mafundi kama Popular Mechanics yalichapisha michoro ili mtu ajijengee nyumbani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia zikashika kasi tena, kwa sababu vifaa vya jeshi viliuzwa rahisi. Wapo waliofunga magurudumu ya Jeep na kuvisha trela alumini iliyotoka kwenye mabawa ya ndege za vita. Vipimo vyake vya kawaida ni futi 4 kwa futi 8, na sababu ni rahisi: hicho ndicho kipimo cha karatasi moja ya plaiwudi. Upande mmoja, karatasi moja. Mimi kama mtu wa programu nilipenda hilo papo hapo. Muundo mzima umetokana na kifaa kilichopatikana dukani.

Sasa trela ya Marekani ilifikaje Molo?

Haikufika. Ilijengwa huko huko, na aliyeijenga ni babu yangu.

Babu alikuwa seremala kwenye shamba la mzungu. Mwenye shamba alileta mchoro uliokatwa kutoka jarida fulani, akamwonyesha babu, akasema anataka kitu kama kile cha kwenda nacho safari na mkewe. Mwaka tunaujua kwa sababu nilipobandua ubao wa ndani nilikuta kipande cha gazeti la East African Standard la 1958, kimekunjwa na kuchomekwa kuziba mwanya. Fremu ni ya mtarakwa, mti ule ule wa nguzo za ua, ambao mchwa hawautaki. Magurudumu na ekseli ni vya Land Rover. Mwenye shamba alilala ndani yake. Babu hakulala.

Mwaka wa 1964 mwenye shamba aliuza, akaondoka. Alikuwa na deni la mshahara wa babu la miezi mitatu, na badala ya pesa akamwachia trela. Babu alipopata kipande chake cha ardhi, aliivuta hadi hapo kwa ng'ombe wanne. Gari la kuivuta hakuwahi kuwa nalo. Kwa hiyo trela ikawa nyumba ya kuku, na ikabaki hivyo hadi babu alipofariki na kwa miaka mingi baadaye.

Mwishoni mwa 2021 kaka yangu alikubaliana na mnunuzi wa chuma chakavu aje aichukue. Januari 2022 serikali ikapiga marufuku biashara hiyo nchi nzima kwa sababu ya wizi wa nyaya na vyuma vya umma. Marufuku iliondolewa Mei mwaka huo huo, lakini kufikia hapo nilikuwa nimeshaenda Molo, nikaingiza kichwa ndani, na kuona kwenye ubao, juu ya mahali ambapo godoro lingekaa, namba zilizoandikwa kwa kalamu ya risasi. Zilikuwa za inchi, na nane ilikuwa imeandikwa vile vile baba yangu anavyoandika nane. Nikamwambia kaka aniachie.

Kipi kiwe cha zamani, kipi kiwe kipya

Swali la kwanza mtu akifufua kitu cha zamani ni hili: je, kila kitu kiwe cha enzi zile? Nilijiwekea sheria moja. Kinachoonekana na kuguswa kiwe cha zamani. Kinachoweza kuua mtu kiwe kipya.

Kwa hiyo matairi ni mapya. Yale niliyoyakuta yalikuwa na kashata nzuri, na mtu asiyejua angesema bado yanafaa. Lakini mpira huzeeka hata ukikaa. Tazama ubavuni mwa tairi lako utaona namba nne mwishoni mwa msimbo unaoanza na herufi DOT: 2317 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka wa 2017. Mtindo huo wa namba nne ulianza mwaka wa 2000. Tairi lisilo na namba nne ni la karne iliyopita, na hata likiwa linang'aa, libaki kuwa bembea ya watoto.

Beringi pia ni mpya, na grisi nimeijaza kwa kiganja. Beringi hizi zenye umbo la pia hazikazwi hadi mwisho. Unakaza nati huku ukizungusha gurudumu, kisha unairudisha kidogo hadi kuwe na mchezo mdogo sana. Ukikaza sana zinaungua, ukilegeza sana gurudumu linayumba.

Taa za nyuma, kwa upande mwingine, nilizitaka za zamani. Babu alikuwa ameweka mbili za Lucas zenye kioo chekundu, na moja ilikuwa imevunjika. Nilizunguka Kirinyaga Road (wazee bado wanaiita Grogan) kwa Jumamosi tatu. Duka la tisa, muuzaji mmoja mzee alinisikiliza, akapanda ngazi bila kusema neno, akashuka na sanduku la karatasi lenye vumbi la kidole kizima. Ndani mlikuwa na kioo kipya kabisa ambacho hakijawahi kufungwa kwenye gari lolote. Alisema 4,000. Tulimaliza kwa 1,500 na kikombe cha chai.

Mikanda ya alumini ya pembeni ilikunjwa Kamukunji, na fundi wa kutengeneza masanduku. Nilimpelekea mkanda wa zamani kama sampuli na karatasi ya vipimo niliyoichapa kwa kompyuta. Karatasi aliikalia.

Bolti ndizo zilizonipa somo refu. Vyuma vya Uingereza vya wakati ule vilitumia meno ya Whitworth, kipimo kilichopendekezwa na Joseph Whitworth mwaka wa 1841, pamoja na mdogo wake wa meno membamba, BSF. Meno ya Whitworth yana pembe ya digrii 55. Meno ya Kimarekani na ya milimita yana digrii 60. Sasa sikiliza mtego. Bolti ya Whitworth ya inchi 3/8 ina meno 16 kwa inchi, na ya Kimarekani ya meno makubwa, UNC, ya kipimo hicho hicho nayo ina meno 16. Nati ya moja inaingia kwenye nyingine, unakaza, unaona mambo safi. Kumbe haijakaa sawasawa, na siku ya mtikisiko inaachia. Za nusu inchi ni afadhali: moja ina meno 12 na nyingine 13, kwa hiyo inakwama mapema na unajua umekosea. Wenzangu wa programu mnanielewa. Kosa linalosimamisha programu ni rafiki yako. Kosa linalokubali kupita ndilo adui.

Na rangi: rangi za zamani zilikuwa na risasi, madini yale yanayodhuru akili za watoto. Usizisugue kavu. Nilisugua kwa msasa wa maji, nikiwa na barakoa, na uchafu wote nikaufunga kwenye mfuko. Hilo nililifanya vizuri, na kwa kulifanya vizuri nikafuta kitu ambacho sikupaswa kukifuta. Nitafika hapo.

Mpira wa tyubu

Karatasi za alumini za nje zimeshikwa na skrubu za chuma, zaidi ya mia mbili. Chini ya kila kichwa cha skrubu nilikuta kiduara cheusi kilichokauka, kama uchafu. Upande wa kushoto niliving'oa vyote, nikasafisha hadi pakang'aa, nikafunga skrubu mpya moja kwa moja kwenye alumini. Pakapendeza. Nikapiga picha.

Baada ya mvua ndefu za 2023 nilirudi nikakuta unga mweupe umezunguka skrubu zangu. Alumini ilikuwa inaliwa. Upande wa kulia, ambao sikuwa nimeugusa, ulikuwa salama chini ya viduara vile vichafu, baada ya miaka 65 na vizazi visivyohesabika vya kuku.

Sababu yake mtu anaweza kuisoma kwenye kitabu chochote cha kemia ya sekondari. Alumini na chuma vikigusana, na maji yenye chumvichumvi yakapita kati yao, vinakuwa betri ndogo, na katika betri hiyo alumini ndiyo inayoliwa. Viduara vile vilikuwa mpira, uliokatwa kutoka tyubu za baiskeli na za gari, ili vyuma viwili visigusane na maji yasipenye.

Nilikuwa nimekaa chini na simu, nikisoma kurasa za Wamarekani kuhusu jambo hilo, nyanya alipopita na fimbo yake. Akainama akaangalia.

"Mipira umeipeleka wapi?"

Nikamwambia niliitoa.

"Nilikata mimi hiyo," akasema. "Wiki nzima, kwa makasi ya kushonea. Babu yako akiniambia bati na skrubu hazipatani, lazima awepo mtu katikati. Makasi yangu yaliharibika nikamnunia."

Kisha akaongeza, bila ukali: "Mzee wangu, si ungeniuliza."

(Ananiita mzee wangu kwa sababu nina jina la babu. Ukiwa na jina la babu katika familia yetu, nyanya ni mke wako, na utani wake unao hadi mwisho.)

Nilikubali, nikacheka, nikanunua tyubu ya baiskeli Molo mjini, nikakata viduara mia moja na kumi. Lakini kumwuliza maswali mengine sikumwuliza. Nilidhani somo lilikuwa la skrubu.

Msalaba

Mbele ya trela, juu ya mkono wa kuvutia, babu alijenga sanduku la mbao la kuwekea betri ya taa ya ndani. Ndani ya kifuniko chake kulikuwa na msalaba mdogo mwekundu uliochorwa kwa brashi. Babu alikuwa mzee wa kanisa, kwa hiyo sikushangaa. Nikaupiga picha, kisha msasa ukaupitia pamoja na rangi nyingine yote.

Sasa tuje kwenye umeme. Kwenye gari, kichwa kimoja cha betri hufungwa kwenye chasisi, na chasisi nzima inakuwa waya wa kurudishia umeme. Magari ya leo hufunga hasi. Nilikuta klempu ya zamani imefungwa kwenye chasisi kwa waya mfupi mnene. Nikaleta betri mpya, na klempu ile ikaingia vizuri kwenye kichwa kimoja, ikalegea kwenye kingine kwa kuwa ni chembamba mno. Nikafunga pale ilipokaa vizuri. Nikawasha taa ya babu. Ikawaka! Nilipiga kelele hadi majirani wakaja.

Kisha nikafunga ukanda wa taa za LED jikoni. Haukuwaka. Nikasema umekufa, nikanunua mwingine Nakuru. Haukuwaka. Nikageuza nyaya zake, nyekundu mahali pa nyeusi. Ukawaka. Nikasema kiwandani walichanganya rangi, nikaendelea na kazi.

Hebu rudieni sentensi hiyo. Mtu anayelipwa kutafuta makosa kwenye programu aliona mara mbili kwamba alama imegeuka, akageuza na yeye, jibu likatoka sawa, akaenda kunywa chai. Kijana wa ofisini kwetu akifanya hivyo kwenye msimbo namrudishia kazi yake siku hiyo hiyo.

Agosti 2023, likizo ya shule, nilitaka betri ya trela ijichaji kutoka kwenye pikapu tukiwa njiani. Trela ilikuwa imeunganishwa na pikapu uani. Nikavuta waya mnene kutoka chanya ya betri ya pikapu hadi kwenye waya wa moto wa trela. Fyuzi sikuweka. Ni kujaribu tu, nilijiambia. Mtoto wangu wa miaka saba alikuwa ndani, amelala kifudifudi kwenye godoro jipya na kitabu chake cha picha.

Nilipogusisha, waya ulilia kidogo, kisha moshi. Haikuchukua hata sekunde tatu. Plastiki ya waya iliyeyuka kuanzia mwisho hadi mwisho, na ulipopita ukutani ubao ukaanza kuungua. Nilifungua mlango nikamvuta mtoto kwa mguu mmoja, kitabu na yote, kisha nikarudi nikang'oa klempu kwa mkono mtupu. Kovu bado lipo kiganjani.

Mtoto hakuumia. Alikuwa na hasira tu kwa sababu kitabu kilikanyagwa. Mimi nilikaa kwenye nyasi nikashindwa kuinuka.

Usiku nilichukua mita ya umeme nikapima kila kitu, jambo ambalo lilipaswa kuwa la kwanza. Chasisi ya trela ilikuwa chanya.

Hadi katikati ya miaka ya 1960 magari mengi ya Uingereza yalifunga chanya kwenye chasisi. Babu, mwaka wa 1958, alifunga kama gari la mwenye shamba lilivyofungwa. Klempu yake ilikuwa pana kwa sababu kichwa cha chanya kwenye betri ya gari ni kinene kuliko cha hasi, ili mtu asikosee. Taa yake ya zamani iliwaka kwa sababu balbu ya uzi haijali umeme unaingilia upande gani. LED inajali. Na nilipovuta ule waya, nilichukua chanya ya pikapu nikaigusisha na hasi ya trela, huku chanya ya trela ikiwa imeshikana na hasi ya pikapu kupitia chasisi na mkono wa kuvutia. Betri mbili mfululizo, volti 24, zimefungwa mwisho kwa mwisho bila kitu chochote katikati.

Asubuhi nilimweleza nyanya kilichotokea. Nikamwonyesha kwenye simu picha za zamani, kabla sijasugua. Alizitazama moja moja, simu ikiwa karibu na pua. Alipofika kwenye kifuniko cha sanduku akasimama.

"Si alikuandikia hapa."

"Huo ni msalaba, nyanya."

"Babu yako hakuchora misalaba kwenye masanduku ya betri," akasema. "Misalaba yake ilikuwa kanisani. Hiyo ni ile ya betri. Ya kujumlisha. Mwenye shamba aliifunga vibaya mara moja, ikatoa moshi, babu akaitiwa usiku. Kesho yake akachora."

Miaka 65 kabla yangu, mtu mwingine alifanya kosa langu, na babu akaacha onyo jekundu mahali hasa ambapo mkono wa mtu ungefika. Mimi nikalisoma vibaya, kisha nikalifuta kwa uangalifu mkubwa, nikiwa na barakoa.

Maswali

Siku hiyo sikushika spana. Nilileta viti viwili, nikaweka simu irekodi, tukaizunguka trela na nyanya tangu mkono wa kuvutia hadi kifuniko cha jikoni. Kila kitu nilichotaka kukitoa au kukiziba nilimwuliza kwanza. Tulizungumza saa mbili na dakika kumi, tukiwa na mapumziko ya chai.

Mfano mmoja tu. Chini ya ukuta wa kichwani kulikuwa na tundu lenye wavu, na juu upande wa pili tundu jingine. Nilikuwa nimeshanunua vibao vya kuziba, maana usiku wa Molo ni baridi kali na upepo unaingia hapo. Nyanya akasema mwenye shamba naye alitaka yazibwe kwa sababu hiyo hiyo, na babu akakataa. Kulikuwa na familia waliyoifahamu iliyolala na jiko la makaa ndani, mlango umefungwa, na asubuhi hawakuamka. Babu aliona mtu mwenye baridi ndani ya kichumba kile ataingiza jiko, hata ukimkataza. Ndani ya trela mna kama mita tatu za ujazo za hewa kwa watu wawili, na gesi ya makaa haina harufu.

Matundu hayakuzibwa. Nimeyawekea wavu mpya, na nimeongeza kengele ndogo ya gesi hiyo inayotumia betri. Wala jiko haliingii ndani. Lakini kama lingeingia, matundu yapo.

Hakujua kila kitu. Namba zile za kalamu ya risasi zilizonifanya nianze, hakujua ni za nini. Nimeziandika kwenye faili langu na mbele yake nimeweka neno "sijui", na hapo ukutani sijazigusa. Alama ya moto wangu imekaribia kuzifikia, kiasi cha upana wa kiganja. Hiyo nayo nimeiacha.

Huwa tunasema programu ya zamani ni ngumu kwa sababu aliyeiandika ameondoka bila kuacha maelezo. Mimi nilikuwa na maelezo. Yalikuwa yamekaa kwenye kigoda hatua kumi kutoka nilipokuwa, yana miaka tisini, yakinitazama nikitafuta majibu kwenye simu. Kama una kitu cha zamani unachotaka kukifungua, iwe redio, cherehani au programu ya mahesabu ya kanisa, kwanza angalia ni nani bado yuko hai wa kuulizwa. Vipuri vinangoja dukani. Watu hawangoji.

Safari ya kwanza

Umeme wote nimeufunga upya, hasi kwenye chasisi, ili ukubaliane na gari lolote la leo, na kila waya una fyuzi yake karibu na betri. Ndani ya kifuniko cha sanduku nimechora tena msalaba mwekundu, mahali pale pale, nikautilia mstari mmoja wa kuufuta ili uonekane bado. Chini yake nimeandika: "Zamani chasisi ilikuwa +. Tangu 2023 ni –." Na jina. Bahati nzuri jina ni lile lile.

Trela bado haina namba yake ya Z, kwa hiyo haijatoka barabarani. Disemba 2024, watu wote walipokuwa nyumbani, tuliivuta kama mita 300, kutoka nyuma ya nyumba hadi chini ya mtarakwa ulio mwisho wa shamba. Watoto walitembea kando yake kama inaenda Mombasa. Tulipika chai kwenye jiko la nyuma, na kaka yangu, yule wa chuma chakavu, ndiye aliyeshikilia kifuniko kwa sababu fito za kukiinua bado sijazipata.

Nyanya alitaka kuingia. Tulimsaidia, mmoja kichwani mmoja miguuni, akajinyoosha kwenye godoro na kitambaa chake kichwani. Aligusa dari kwa vidole, polepole.

"Alijenga chumba cha watu," akasema, "wakalala kuku."

Kisha: "Haya, mzee wangu, funga mlango. Mnapiga kelele."

Nikafunga. Alilala karibu saa nzima. Tuliwafukuza watoto wakachezee mbali.

Zilizobaki: fito za kifuniko cha jikoni, bawaba ndefu ya nyuma ambayo bado inavuja kidogo, na usajili. Kama kuna msomaji mwenye bawaba ya shaba ya futi nne ya miaka ile, aniambie. Ila kwanza aulize nyumbani ilikuwa ya nini.